Bakora Iliyorithiwa Bila Mwombezi

Mjadala wa viboko shuleni, ambao nchini Tanzania huibuka kila mwanafunzi anapoumizwa na kufifia majuma machache baadaye, huendeshwa kama ugomvi wa vizazi viwili: wazee wanaosema kwamba walichapwa wakatoka watu, na wazazi vijana wanaoona kwamba mtoto hafundishiki kwa maumivu. Pande zote mbili huchukulia kwamba fimbo ya jana na ya leo ni kitu kimoja, na hapo ndipo zinapokosea, kwa kuwa watu walioizunguka fimbo hiyo hawapo tena.

Katika malezi ya zamani, ya pwani na ya bara, mtu mzima yeyote wa mtaa au kijiji aliweza kumrudi mtoto, yaani kumwonya au kumwadhibu ili ajirekebishe. Lakini haki hiyo ilikuwa na mipaka iliyolindwa na jamaa wenyewe. Baina ya bibi na mjukuu palikuwa na utani, uhusiano wa mzaha na upole ulioruhusiwa na mila, ambao ulimpa bibi nafasi ya mwombezi: mtoto aliyewahi kujificha nyuma ya kanga yake alikuwa amefika mahali ambapo mkono wa baba haukupaswa kumfuata. Haifai kuyapamba malezi hayo, kwani watoto waliumizwa pia, na mafunzo ya jandoni yalikuwa na ukali wake. Hata hivyo aliyeadhibu alimjua mtoto kwa jina na ukoo, na jioni hiyohiyo huenda wangekula sinia moja.

Kiboko cha shuleni kilipita njia nyingine. Jina lake latokana na mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi ya mnyama kiboko, na chini ya utawala wa Wajerumani adhabu ya "hamsa ishirini", maana yake mapigo 25, ilitolewa kwa wapagazi, vibarua na waliohukumiwa bomani. Shule ya kikoloni, pamoja na kengele, mstari wa asubuhi na viranja wake, ilikuwa na nasaba ya karibu zaidi na boma kuliko na nyumba ya mtoto, ingawa wazazi waliiheshimu kana kwamba ni nyumba, wakiitetea bakora yake kwa methali zao wenyewe, kama ile ya samaki kukunjwa angali mbichi.

Baada ya uhuru madarasa yalifurika, kwanza kufuatia Azimio la Musoma la 1974, lililohimiza kila mtoto aandikishwe shule ya msingi ifikapo 1977, kisha tena ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hatua hizo zilikuwa za haki na zilistahili kuchukuliwa. Hata hivyo walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wengi asioweza kuwajua wote kwa majina aliigeuza fimbo kuwa chombo cha kutawalia umati, akiitumia kwa aliyechelewa, aliyesahau kidumu cha maji au ufagio, na hata kwa aliyekosa hesabu, jambo ambalo si utovu wa nidhamu kwa tafsiri yoyote. Kanuni za Tanzania za 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinaweka kikomo cha viboko vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za wizi wa mkoba. Kanuni hizo zilikuwapo siku hiyo.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na tangu hapo kila vurugu za wanafunzi zinapozuka wapo wanaodai kwamba kuondolewa kwa fimbo ndiko kulikozileta. Historia haiwaungi mkono. Wasichana 19 walikufa katika vurugu za wanafunzi kwenye shule ya St. Kizito, Meru, Julai 1991, na viranja wanne waliteketezwa na wenzao huko Nyeri mwaka 1999, miaka ambayo bakora ilikuwa halali. Tukio la Nyeri linatisha zaidi kwa mtu wa elimu, maana waliouawa ndio waliokabidhiwa kulinda nidhamu kwa niaba ya walimu.

Mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye bibi yake yuko kijijini na husikika kwa simu tu hana wa kumkimbilia adhabu inapopita kiasi, wala jirani wa ghorofa ya chini hathubutu kuingilia, akihofia kuambiwa kwamba hayamhusu. Daftari la adhabu huandikwa wakati fimbo imekwisha kushuka, na mara nyingi mzazi hajui hata kama lipo. Bibi alikuwa akisimama kati kabla ya pigo la kwanza.