Bibi wa Paje na Pensheni Yake

Paukwa! Pakawa!

Bibi ninayewasimulia leo ni wa hadithi, wala sikumpa jina. Lakini kazi alizozifanya zimefanywa na bibi zenu wengi, na haki aliyoipata ipo Zanzibar hadi leo.

Bibi huyu alizaliwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Usichanani mwake alifukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani, akayaacha miezi hata yakalainika, akayafukua, akayapiga, kisha akakaa kusokota kamba. Kilimo cha mwani kilipoanza kwao, mwishoni mwa miaka ya 1980, akawa miongoni mwa wanawake walioingia baharini. Kila maji ya bamvua yalipokupwa, alikuwa huko ameinama, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba na kamba kwenye vigingi. Jioni alirudi nyumbani kupika, kuteka maji na kulea, kwanza watoto, kisha wajukuu.

Niambieni, bibi huyu alifanya kazi? Alifanya, tena ngumu. Je, aliwahi kupokea mshahara? La, hata mwezi mmoja.

Sikilizeni basi kwa nini jambo hilo ni zito. Mwalimu wa skuli, muuguzi au karani akiajiriwa, kila mwezi hukatwa sehemu ya mshahara wake, na mwajiri naye huongeza fungu lake. Fedha hizo huwekwa kwenye mfuko. Kwa Zanzibar mfuko huo ni ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mfanyakazi akistaafu, mfuko humlipa pensheni. Lakini mkulima wa mwani akatwe na nani, na mwajiri wake ni nani? Mvuvi je, na mchuma karafuu? Na mama aliyemuuguza mtoto mwenye ulemavu miaka yote, asipate nafasi ya kutoka nje kutafuta riziki? Watu hawa walizeeka mikono mitupu, si kwa uvivu, bali kwa sababu kazi yao haikuwa na karatasi ya mshahara.

Serikali ya Zanzibar ikapitisha Sera ya Hifadhi ya Jamii mwaka 2014, na Aprili 2016 Mpango wa Pensheni Jamii ukaanza. Kila mkaazi wa Zanzibar aliyefika miaka 70 akawa na haki ya kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Zanzibar ikawa ya kwanza Afrika Mashariki kuwalipa wazee wote pensheni kwa fedha za Serikali yenyewe. Wazee zaidi ya 20,000 waliandikishwa hapo mwanzoni. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000.

Habari zilipofika Paje, bibi yetu alimwita mjukuu wake.

"Mjukuu wangu, wanataka waliotimia miaka 70. Mimi sina cheti, nilizaliwa nyumbani. Najua tu kwamba Mapinduzi yalipotokea nilikuwa msichana wa miaka 18."

"Bibi, Mapinduzi yalikuwa 1964," mjukuu akasema. "Toa 18, inabaki 1946. Na sasa ni 2016. Bibi, umetimia 70!"

Wazee wengi wa visiwani huhesabu umri wao namna hii, kwa matukio makubwa. Ndiyo maana kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni kitu cha thamani: mzee asiye na karatasi anaweza kuwa na miaka 80 na bado akakosa namna ya kuithibitisha. Wakafuatana kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yao, wakaamkiana naye, wakaulizia utaratibu wa kuandikishwa.

Hapa najua mmoja wenu ataniuliza: kwa nini walipwe wote? Kwa nini wasichaguliwe maskini peke yao?

Swali zuri. Kuchagua maskini ni kama kuvua kwa wavu uliotoboka: unadhani umekusanya, kumbe wengine wametoka kwenye matundu. Mzee aliye mbali na barabara hasikii tangazo. Asiyesikia vizuri hawezi kujieleza mbele ya kamati. Mwingine anaona haya kutangaza ufukara wake mbele ya majirani. Lakini umri ni umri. Ukisema "kila aliyefika 70", hakuna anayehitaji kujidhalilisha ili ahesabiwe, na hakuna jirani wa kumnyooshea kidole.

Na fedha zinatoka wapi? Zinatoka kwenye bajeti ya Serikali, na sehemu kubwa ya bajeti ni kodi. Bidhaa nyingi za dukani zina kodi ndani ya bei yake. Kwa hiyo bibi yetu, aliponunua sabuni na kitambaa miaka yote ile, alikuwa akichangia nchi yake. Pensheni hii si sadaka, wanangu. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji. Leo anatoa, kesho amesahau. Haki unaweza kuidai.

Bibi alipopokea fedha zake za kwanza hakutajirika. Kiasi kile hakitoshi kumlisha mtu mwezi mzima, na tusidanganyane. Lakini alipata nauli ya kwenda hospitali bila kusubiri mtoto wake apate, akanunua sukari, na mjukuu akapata madaftari kutoka mkononi mwa bibi yake. Mtu aliyekuwa akiomba sasa ana cha kutoa, na neno lake nyumbani likapata uzito.

Wako ambao haki hii bado haijawafikia. Kijana wa miaka 20 aliyezaliwa na ulemavu mkubwa hawezi kungoja hamsini nyingine ili asaidiwe. Wenzetu wa Kenya, katika mpango wao wa Inua Jamii, huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa nazo zina fungu lao. Wahenga walisema hujafa hujaumbika: ajali, maradhi au uzee vinaweza kumfikia yeyote. Hifadhi ya jamii ni nchi kujipanga mapema kwa siku hiyo.

Nanyi mna kazi. Ulizeni nyumbani kama babu na bibi wana vitambulisho na kama wameandikishwa. Msindikizeni mzee siku ya malipo, msomeeni asiyeona, mwandikieni asiyesikia, kisha fedha zake mwachieni yeye mwenyewe aamue matumizi. Mkimjua jirani mwenye ulemavu anayefichwa ndani, mwambieni mwalimu au sheha. Na mtakapokuwa wakubwa, mkakaa panapogawiwa bajeti, msianze kwa kuuliza nani anastahili kuhurumiwa. Ulizeni nani hajapata haki yake, na mwandikeni wa kwanza.