Nyumba za rehani Handeni na Korogwe: bei ya kutupa ina wenyewe

Kwa anayetafuta nyumba ya bei nafuu kati ya Mkata, Chanika na Korogwe mjini, hakuna taarifa ya soko ya kuaminika kuliko maneno ya rangi nyekundu ukutani: "Nyumba hii haiuzwi." Ukiyakuta, ujue yupo anayetaka kuuza na yupo aliyekwisha kukataa, awe mke, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Usipoyakuta bado hujapona, maana kopo la rangi hununuliwa siku yoyote.

Biashara yenyewe si ngeni. Mdaiwa kazidiwa, benki imempa notisi, naye kabla kengele ya mnada haijalia anatafuta mtu wa kumalizana naye kimya kimya, benki ikiridhia. Bei huwa chini ya soko, wakati mwingine chini ya deni lenyewe. Nyumba za namna hiyo Dar es Salaam na Tanga mjini zina wateja wake wazoefu, wenye fedha mkononi na mwanasheria kwenye simu. Huku mwalimu mstaafu au mfanyabiashara wa mahindi bado anaona pana nafasi ya kujaribu.

Mmoja wao alijaribu. Ni mnunuzi wa mahindi anayezunguka na lori kuanzia Kabuku hadi Magoma, na aliomba asitajwe kwa kuwa shauri lake halijaisha. Anasema alioneshwa na dalali nyumba ya vyumba vinne Korogwe, yenye hati na inayodaiwa na benki. Mwenye nyumba alitaka milioni 24, wakati deni pamoja na riba lilikuwa limekaribia milioni 30. Dalali alimhakikishia kwamba benki itapokea hizo 24 na kusamehe zilizobaki. Akatoa milioni 6 za kuanzia, akapewa karatasi yenye muhuri, akarudi kwenye mahindi yake akijua baada ya mwezi ataanza kukusanya kodi.

Jalada likapelekwa makao makuu. Likarudi na swali kuhusu tathmini: ile ya zamani ilikuwa imepitwa na wakati, ikatakiwa mpya, na gharama akaibeba yeye. Mthamini akaandika bei mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na ile ya haraka ikawa juu ya milioni 24. Benki ikasema haishuki chini ya hapo. Wakati huo riba ilikuwa inaendelea kupanda juu ya deni la mtu mwingine, na kila mwezi uliopita uliifanya ile milioni 24 ionekane ndogo zaidi. Alipokubali kuongeza, akagundua hakuna aliyesamehewa kitu. Benki ilikuwa tayari kufuta rehani, lakini salio lingebaki kuwa deni la muuzaji binafsi. Muuzaji aliposikia hivyo, hamu ya kuuza ikamwisha.

Ndipo akatokea mke wa muuzaji. Alikuwa amesaini rehani miaka ile, kama Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyotaka, lakini mauzo hakuwa amesaini, na hakuna aliyemuuliza. Akaenda baraza la ardhi na nyumba, akapata zuio. "Mimi nilimuuliza mume, nikaiuliza benki, nikamuuliza dalali," anasema mfanyabiashara huyo. "Shemeji ndiye alikuwa ananipikia chai kila nikienda, sikumuuliza." Milioni 6 zimekwama. Dalali ameshachukua asilimia 10 ya kile kilichopokelewa na kuhamia kwenye viwanja. Ofisi ya mtaa nayo ilichukua asilimia yake kwa kugonga muhuri, tozo ambayo viongozi wa serikali wamekuwa wakiikana hadharani, lakini huku chini bado inalipwa.

Malalamiko ya mtu mmoja si takwimu. Hata hivyo yanaonesha jambo ambalo wanunuzi wapya wengi hawalipigii hesabu: kununua kwa makubaliano si sawa na kununua mnadani, hata kama nyumba ni ile ile. Mnadani muuzaji ni mkopeshaji anayetumia haki aliyopewa na sheria. Notisi ya siku 60 imepita, tangazo limetoka, na mnunuzi aliyenunua kwa nia njema ana kinga ya sheria. Malumbano juu ya jinsi mnada ulivyoendeshwa kwa kawaida huwa ya mdaiwa na benki, na fidia huombwa huko. Kwenye makubaliano unanunua kutoka kwa mdaiwa mwenyewe, na familia yake yote iko nyuma yake. Benki inaondoa mkono wake tu. Ndoa, mirathi na kaka aliyechangia bati havimo kwenye barua ya benki.

Mnada nao una mtego wake, na uko mahali ambapo mgeni anaona faida. Sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ya nyumba kama hiyo sokoni, inachukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo, na mdaiwa anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yabatilishwe. Kwa maneno mengine, bei iliyokufanya ushindwe kulala kwa furaha ndiyo inayoweza kukurudisha barazani. Mnunuzi wa siku nyingi huridhika na punguzo la kumi au kumi na tano kwa mia. Robo ya bei humtia wasiwasi.

Ofisa mmoja wa sekta ya fedha mkoani Tanga, ambaye pia hakutaka kutajwa, haoni tatizo. Anasema mikopo chechefu katika mabenki ya nchi imeshuka hadi chini ya asilimia 5, kiwango ambacho wasimamizi wanakiona cha kuridhisha, kutoka zaidi ya asilimia 10 mwaka 2017. Kwa hesabu yake, nyumba zinazouzwa kwa shida ni chache na zinazidi kupungua, na anayezitegemea kama biashara amechelewa.

Takwimu hiyo ni ya kweli, ila inajibu swali jingine. Ni wastani wa mabenki yote na mikopo yote, kuanzia ya migodi hadi ya mishahara. Mikopo ya nyumba yenyewe nchini haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Mkopo uliopangwa upya mara mbili unaweza kuonekana mzima kwenye vitabu wakati mwenye nyumba anazunguka kutafuta mnunuzi. Na muhimu zaidi kwa wasomaji wa upande huu, takwimu hiyo haiingii Mazingara kabisa.

Katika kata ya Mazingara, wilayani Handeni, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Uzigua, ardhi ni ya kijiji. Mwenye bahati ana hati ya hakimiliki ya kimila, na wengi wana maneno ya majirani. Benki kubwa haina hamu na nyumba ya tofali za kuchoma iliyozungukwa na mihogo. Lakini madeni yapo, ya VICOBA, ya mwenye duka la pembejeo na ya wakopeshaji wa mitaani wanaoitwa kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018 na ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi ukatangazwa kwa wakopeshaji wenye leseni. Wanaokopesha chini ya mwembe hutoza wanavyoona.

Namna yao ya kuweka dhamana ndiyo inayopaswa kumtisha mnunuzi. Anayekopa laki tano au milioni moja hasaini mkataba wa mkopo. Anasaini mkataba wa mauziano ya nyumba, mashahidi wawili pembeni, tarehe ikiachwa wazi. Akilipa, karatasi inachanwa. Mvua za masika zikikata na mahindi yakakauka, tarehe inajazwa, na nyumba inaingia sokoni kama mali ya mkopeshaji, kwa bei inayomshangaza mgeni kutoka mjini. Mgeni anaoneshwa karatasi safi kabisa. Haoneshwi mkopo, wala muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji, kwa sababu kikao hakikufanyika. Mahakama za juu zimekwisha kubatilisha mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyokosa idhini ya halmashauri ya kijiji, na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji hauzibi pengo lake.

Kwa upande wa gharama, mambo ni mepesi zaidi, ingawa nayo yanauma. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya faida ni ya muuzaji kisheria, asilimia 10 ya faida, lakini muuzaji aliyefilisika hana cha kulipa na bila kodi hiyo hati haihami, hivyo mnunuzi hujikuta ameibeba. Pango la ardhi la miaka ya nyuma hufuata kiwanja. Kuna na LUKU: kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021, na nyumba iliyokaa tupu mwaka mzima itakumezea elfu kumi na kitu za kwanza kabla taa haijawaka. Hilo ni dogo, lakini ni dalili nzuri. Mita yenye malimbikizo makubwa inakueleza muda ambao nyumba imekaa bila mtu.

Je, mbele kuna faida? Huenda. Makutano ya Segera hayahami, Mkata imekua tangu iwe makao ya halmashauri ya wilaya, na bomba la mafuta ghafi kuelekea Chongoleani limepita wilaya zote mbili, jambo ambalo madalali hawakosi kulitaja. Kama wapangaji wa bomba watabaki baada ya kazi kwisha ni suala jingine, na dalali si mtu wa kuulizwa. Fremu za barabarani zinaonekana kupangishika kirahisi kuliko nyumba za ndani, ila fremu haziji sokoni kwa shida mara nyingi, na zikija zinaishia kwa jirani kabla tangazo halijabandikwa.

Mfanyabiashara wa mahindi hajakata tamaa, jambo ambalo ama ni ujasiri au ni ubishi. Anasema ipo nyumba nyingine Mombo anaiangalia, mwenyewe ana notisi ya benki ya wiki ya tatu. Bado hajaongea na mume. Kwanza amemtuma mkewe akaongee na mama mwenye nyumba.