Tenda ya Kaunti Hainunuliwi kwa Simu: Njia Sahihi kwa Wafanyabiashara wa Kitui na Makueni

Hebu fikiria uko kwa kibanda chako pale Kalundu, Kitui, ama sokoni Wote. Simu inalia. Anayepiga anasema yeye ni afisa wa ununuzi wa kaunti. Anajua jina lako na la kikundi chenu. Anasema mmepata tenda ya kupeleka ndengu na maharagwe shuleni, lakini faili haiwezi kusonga hadi mtume elfu kumi na tano kabla ya saa kumi jioni. Nambari anayotoa ni ya mtu binafsi, na pesa ya chama iko kwa simu ya mweka hazina. Mtatuma?

Msitume. Ukiijua njia halisi ya tenda, simu kama hiyo haitakubabaisha. Tuipitie pamoja.

Haki yako kisheria

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inazitaka taasisi za umma, kaunti zikiwemo, zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Huu ndio mpango unaoitwa AGPO. Sheria hiyo hiyo inasema angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti iende kwa wakazi wake. Kwa hivyo mtu wa Mwingi, Mutomo, Kibwezi au Mbooni akiomba tenda ya kaunti yake, haombi msaada.

Kama ni kikundi, angalau asilimia 70 ya wanachama, na viongozi wote, lazima watoke kwenye kundi husika. Kijana ni mtu wa miaka 18 hadi 35.

Cheti ni bure

Cheti cha AGPO hutolewa na Hazina ya Kitaifa na huombwa mtandaoni. Uwe na kitambulisho, cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA na cheti cha kuonyesha umelipa ushuru inavyotakiwa. Ukimlipa kijana wa saiba, unamlipia kazi yake ya kujaza fomu. Cheti chenyewe hakiuzwi.

Usajili wa biashara una ada, na hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akikuambia ulipie huduma ya serikali kwa nambari yake, simama hapo.

Tena, wenye cheti cha AGPO wakiomba tenda walizotengewa hawadaiwi dhamana ya benki. Wanajaza na kutia sahihi fomu ya kiapo cha zabuni. Anayekuitisha "pesa ya dhamana" kwa simu anakudanganya.

Tafuta tangazo mwenyewe

Tenda hutangazwa kwenye tovuti ya kaunti na tenders.go.ke. Makueni pia ina tovuti yake ya kandarasi za wazi, ambapo mwananchi anaweza kuangalia ni nani alipewa kazi gani. Mwaka 2025 serikali ilianza kuhamishia ununuzi kwenye mfumo wa mtandaoni wa e-GP, na suala hilo likafika mahakamani. Kwa hivyo soma kila tangazo hadi mwisho ujue maombi yanapelekwa wapi na kwa njia gani.

Bila LPO, usipakie mzigo

Ukishinda, utapata barua, kisha LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa. Ahadi ya mdomo si LPO, na picha ya WhatsApp si LPO hadi uithibitishe katika ofisi ya ununuzi. Tembea hadi pale, hata kama ni nauli ya kutoka Kyuso.

Ukipeleka mzigo, hakikisha hati ya kupokelea bidhaa imetiwa sahihi, ubaki na nakala. Halafu toa ankara kupitia eTIMS ya KRA. Malipo huingia kwenye akaunti ya benki ya biashara, si kwa simu yako. Kutoka benki unaweza kuhamisha pesa kwa simu ulipe wakulima na watu wa boda. Kila ujumbe wa malipo utunze, maana ndio kumbukumbu ya gharama zako.

Pesa inaweza kukawia

Hapa hatutakuficha: kaunti nyingi zina madeni ya wauzaji ambayo hayajalipwa. Usiweke akiba yote ya chama kwa LPO moja. Anza na tenda mnayoweza kuibeba miezi kadhaa bila kulala njaa. Kama mtaji ni mdogo, uliza Hazina ya Wanawake au Hazina ya Vijana kuhusu mikopo ya LPO kabla ya kukimbilia mkopo wa simu wa muda mfupi.

Sasa turudi kwa ile simu. Muulize tenda ni nambari gani na ilitangazwa wapi, kisha mwambie utafika ofisini kesho. Mwenye haki atakukaribisha, lakini tapeli atakata simu. Na kama tayari mmeshatuma, pigieni huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, halafu mwende polisi na ule ujumbe wa muamala. Msiufute kwa aibu.