Saa za Dawa: Utangulizi wa Kumtunza Nyumbani Mzee Mwenye Parkinson

Familia ikishaambiwa kwamba mzee wao ana Parkinson, kikao cha kwanza huwa cha kutafuta mtu. Aletwe binamu kutoka kijijini, dada wa kazi aongezewe mshahara, au kitinda mimba ambaye bado hajapata ajira arudi nyumbani akae na mama. Suala la mtu ni zito na tutalifikia. Lakini ugonjwa huu unaendeshwa na saa, na anayeingia katika fani hii ya utunzaji namshauri apange saa kwanza, watu baadaye.

Parkinson hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendeleza. James Parkinson, tabibu wa London, aliandika kuuhusu mwaka 1817, ila tiba ya maana ilisubiri hadi miaka ya 1960, levodopa ilipoanza kutumika. Ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini, na mpaka leo ndiyo dawa kuu, kwa kawaida ikiwa pamoja na kabidopa katika kidonge kimoja. Haiponyi. Humpa mgonjwa saa kadhaa za kutembea, kufunga vifungo vya shati na kuzungumza kwa sauti inayosikika, kisha nguvu yake huisha na mwili ukakaza tena. Miaka inavyosonga, saa hizo nzuri huzidi kufupika.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapozaliwa. Saa 3 asubuhi babu ametoka mwenyewe hadi barazani, anaitikia shikamoo za wapita njia. Saa 5 hawezi hata kuinuka kitini. Asiyejua atasema mzee anadeka. Uso wake nao haumtetei: misuli imekaza, haonyeshi furaha wala maumivu, basi watu humwona kanuna. Kwa maoni yangu, lawama hizi humchosha mgonjwa kuliko kutetemeka kwenyewe.

Dawa ya ugomvi huo ni daftari la kawaida la shule. Kwa wiki moja aandike mwangalizi: kidonge kimemezwa saa ngapi, kimeshika saa ngapi, kimeisha nguvu saa ngapi, amekula nini, ameanguka wapi. Baada ya hapo kuoga, kwenda kliniki na kupokea wageni vyote vitapangwa ndani ya saa nzuri, na daktari atakuwa na cha kusoma badala ya kuambiwa tu kwamba mama hajambo kidogo.

Mara nyingi daftari hufichua mambo ya chakula. Protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Kidonge kikimezwa pamoja na uji wa maziwa, au juu ya sahani ya maharage, huchelewa kushika au kisishike kabisa, na familia huanza kushuku kwamba wameuziwa dawa bandia. Kimezwe kwa maji, nusu saa hivi kabla ya kula. Maharage yasiondolewe, maana mzee anayekonda ana hatari zake. Yasogezwe tu mbali na kidonge. Choo kigumu, ambacho ni sehemu ya ugonjwa, nacho kishughulikiwe mapema. Na kwa kuwa swali la upupu haliishi: ni kweli mbegu zake zina levodopa, lakini hakuna anayeweza kupima jikoni ni kiasi gani kimo.

Kuna jambo litakalokushangaza: mzee anatembea vizuri ukumbini, akifika mlangoni miguu inaganda, kana kwamba imegundishwa sakafuni. Usimvute mkono, ataanguka. Mwache asimame, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha mhesabie moja, mbili, tatu, au weka mguu wako mbele yake umwambie auvuke. Vipande vya utepe wa rangi vilivyobandikwa sakafuni kukatisha mlango hufanya kazi hiyohiyo. Mwendo wa mazoea umemkatalia, lakini hatua anayoilenga kwa macho au kuifuata kwa mdundo hupita njia nyingine ubongoni.

Sasa tuje kwa watu. Mzee mwenye heshima zake hatakubali kuogeshwa na mkwe, na kumlazimisha ni kuwadhalilisha wote wawili. Mjukuu, ambaye ana utani na babu yake, mara nyingi hupita pale ambapo binti hawezi. Kikao kizuri cha familia huuliza nani anaruhusiwa kugusa nini kabla ya kuuliza nani ana nafasi.

Usidhani haya ni maradhi ya Ulaya. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulifikia watu wapatao 161,000 na kupata wagonjwa 33; wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Waliishi wakiitwa wazee tu, na mtu wa jinsi hiyo hana wa kumpangia saa.

Siku ya kulazwa hospitali, kwa sababu yoyote ile, daftari liende naye. Waelezeni wauguzi kwamba vidonge havisubiri zamu ya dawa ya wodi wala havikatwi ghafla. Waambieni pia kwamba metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na haloperidoli anayopewa mtu aliyechanganyikiwa, huzuia dopamini na zinaweza kumkaza zaidi.

Kuhusu mwangalizi, siku zake za mapumziko ziandikwe, na jina la atakayemshikia zamu liwe pembeni. Usiku hesabuni kama kazi, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hupiga kelele na kurusha ngumi wakiwa ndotoni, na mwenzao huamka kila mara. Fedha za dawa zishikwe na mtu mmoja, anayefika duka la dawa wiki moja kabla vidonge havijaisha.