Bafu Linavuja? Jaribu Maji Kabla ya Kumlipa Fundi

Ukikarabati nyumba, kosa lililofichwa chini ya taili ndilo ghali zaidi. Rangi isiyokupendeza utapaka tena. Bafu linalovuja litabidi libomolewe, na taili zikibanduliwa nyingi huvunjika.

Kwa hivyo, kabla taili hazijawekwa:

1. Mwaga ndoo ya maji sakafuni. Yakisimama kwenye kona badala ya kuelekea kwa shimo la kutolea maji, fundi arekebishe sasa.
2. Dawa ya kuzuia maji ikishakauka, ziba shimo, jaza maji kidogo na uache saa 24. Kisha kagua ukuta wa upande wa pili, na dari ya chini kama ni ghorofa.
3. Nunua taili zote pamoja, na asilimia 10 za ziada. Namba ya bechi iwe moja kwenye kila boksi, la sivyo rangi zinaweza kutofautiana.

Na pesa je? Gawanya malipo kwa hatua za kazi, si kwa siku. Vifaa vilipie mwenyewe kwa till ya hadiwea. Fundi mtumie ya ufundi tu. Soma jina vizuri kabla ya kuthibitisha malipo. Kubaliana naye kwa SMS, kazi ikiwa bado haijaanza, nani atanunua vifaa kazi ikirudiwa. Usifute SMS hizo wala za malipo. Mkikosana ndizo ushahidi wako.

Pesa ya kuweka taili itoke tu saa 24 zikiisha bila tone kuvuja.