Jibini Kuukuu: Lipi Likatwe, Lipi Litupwe

Jibini la Parmigiano Reggiano haliruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo kabla ya kutimiza miezi 12 tangu kutengenezwa. Mengi hukaa ghalani miezi 24, mengine 36 na zaidi, yamepangwa juu ya rafu za mbao, kila moja likiwa na uzito wa kilo 40 hivi, na bei hupanda kadiri linavyozeeka. Kwa hiyo anayefungua jokofu na kukuta kipande cha jibini gumu alichokisahau tangu mwezi juzi asianze kuhesabu siku. Aanze kwa kukibonyeza.

Kidole kikigoma kuzama, hiyo ni habari njema. Ugumu wa jibini maana yake ni uchache wa maji, na vijidudu vingi vinavyomdhuru mtu haviwezi kuzaana pasipo maji ya kutosha. Parmigiano lililokomaa lina maji kama asilimia 30 tu. Cheddar, kwa kanuni za Marekani, haliruhusiwi kuvuka asilimia 39, ilhali Mozzarella bichi ni maji kwa nusu yake na zaidi. Chumvi nayo huyashika hayo maji machache yaliyosalia, na uchachu unaoachwa na bakteria waliokula sukari ya maziwa huvifukuza vijidudu vingine. Ndiyo maana jibini gumu na jibini laini hayahukumiwi kwa sheria moja, hata yakiota ukungu wa rangi ileile.

Manyoya ya kijani au ya kijivu yanayoonekana ni sehemu ya juu tu ya kuvu. Chini yake zimo nyuzi nyembamba mno zilizojichimbia. Katika jibini laini nyuzi hizo hupenya upesi, na bakteria wanaweza kuota pamoja nazo. Katika Cheddar, Gouda au Parmigiano huenda polepole na kwa kawaida haziendi mbali. Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri kukata angalau sentimita 2.5 kuzunguka doa na chini yake, na kisu kisiguse ukungu wenyewe. Hapo ndipo wengi hukosea: hukwangua doa kwa ncha ya kisu, kisha kwa kisu kilekile wakaendelea kukata vipande vya watoto, na ukungu ukapakwa kila mahali. Kisu kianzie kwenye sehemu safi, kipite chini kabisa ya doa, na kipande chote chenye ukungu kitoke kizima. Kinachobaki kifungwe kwa karatasi mpya, maana ile ya zamani imejaa mbegu za kuvu. Kama kipande ni kidogo kiasi kwamba ukikata sentimita hizo hakibaki kitu, hakuna cha kuokoa. Jibini lililokunwa au kukatwa slesi likiota ukungu hutupwa lote, hata kama lilitokana na jibini gumu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa ubaya wa sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyoingia sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Kuvu wa kwenye jibini nao wanaweza kutoa sumu, ingawa jibini gumu haliwapi nafasi kama nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Aspergillus versicolor, ambaye huota juu ya maganda ya Gouda na Edam, hutoa sumu inayobaki zaidi karibu na uso. Hii ndiyo sababu kisu kinasaidia na jiko halisaidii. Sumu za namna hii hustahimili moto wa kupikia, kwa hiyo kuyeyusha jibini lenye ukungu juu ya piza hakuliponyi. Wala pua isitegemewe hapa: sumukuvu haina harufu, na anayesogeza pua kwenye ukungu huvuta mbegu zake, jambo baya hasa kwa mwenye pumu.

Si kila cheupe ni ukungu, na inasikitisha kuona jibini zuri likitupwa kwa kosa hilo. Parmigiano na Gouda lililokaa miaka huwa na chembe nyeupe zinazoliwa kwa mlio, nazo ni tairosini, sehemu ya protini iliyovunjika na kuganda kadiri jibini linavyokomaa. Juu ya Cheddar hutokea utando mweupe wa chumvi ya kalisi. Kidole kinatosha kutofautisha: chembe na utando huo hukwaruza, ukungu ni laini wenye manyoya. Mafuta yanayotoka juu jibini likikaa kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam nayo si sumu, ingawa utamu hupungua.

Pua ina kazi yake, lakini si hiyo. Harufu ya mafuta yaliyochacha, au harufu kali kama ya mkojo isiyoondoka hata jibini likipigwa na hewa, yatosha kulikataa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, jokofu likapoteza baridi, jibini laini lililokaa saa mbili juu ya nyuzi 4 za Selsiasi litupwe. Cheddar na Parmigiano hustahimili.

Kuna hatari moja ambayo jicho, pua na kidole vyote haviioni, nayo huanzia kwenye ndoo ya kukamulia. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza matokeo ya uchunguzi wa jibini lililokutwa Saqqara, Misri, katika kaburi la Ptahmes, aliyekuwa meya wa Memphis. Lilikuwa na umri wa miaka 3,200 hivi, na ndani yake waliona dalili za Brucella, bakteria wa homa ya brusela inayowasumbua wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi hadi leo. Mwaka 2010, nchini Marekani, watu 38 waliugua kutokana na E. coli O157 iliyokuwa ndani ya Gouda la maziwa mabichi. Kukomaa hupunguza vijidudu, lakini hakumalizi vyote. Kwa hiyo mnunuzi wa jibini la Masisi, linalotengenezwa kwa namna ya Gouda kwenye vilima vya Kivu Kaskazini na kuuzwa Goma, ana haki ya kumuuliza muuzaji kama maziwa yalichemshwa. Swali hilo lina uzito kuliko tarehe yoyote iliyobandikwa.

Limebaki kundi la watu ambao uzee wa jibini ndio hasa unaowadhuru. Jibini linavyokomaa, ile tairosini hugeuka taramini, ambayo mwili wa kawaida huivunja bila shida. Mwaka 1963 mfamasia wa hospitali mjini Nottingham, Uingereza, alimwandikia daktari Barry Blackwell kuhusu mkewe, aliyekuwa akitumia dawa ya sonona na kuumwa sana na kichwa baada ya kula jibini. Blackwell alifuatilia, na ikathibitika kwamba dawa za aina aliyokuwa akitumia mke huyo huzuia mwili kuivunja taramini, shinikizo la damu likapanda ghafla na kuweza kuua. Isoniazidi, dawa inayomezwa na wagonjwa wa kifua kikuu kote Afrika Mashariki, ina tabia kama hiyo kwa kiasi kidogo. Anayeitumia azungumze na daktari au mfamasia kabla ya kula jibini lililozeeka, hata kama halina doa lolote.