CHUPA NA MIZANI

Mkulima wa matunda na nyanya hapa Magu, kama wenzake wa pwani yote ya Ziwa, akiingia dukani kununua mbegu huonyeshwa pia chupa za dawa ya majani. Huambiwa kwamba akinyunyiza, matunda yatakuwa makubwa na ya kung'aa. Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli imekwisha kumaliza fedha za wanyonge wengi.

Ni kweli kwamba jani hula, lakini hula kidogo. Zinki, boroni na chuma, ambazo mmea huzihitaji kwa uchache, hupita vyema katika jani. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu hutakiwa kwa wingi, na sharti sehemu kubwa ipitie mizizini. Ardhi yetu ya luseni ni ya mchanga, haishiki maji wala rutuba. Mwenye kuinyima samadi, kisha akategemea bomba la dawa, ni sawa na anayempaka mafuta mtoto mwenye njaa.

Homoni nazo si uganga. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba mpunga uliorefuka kupita kiasi ulirefushwa na kitu kilichotolewa na ukungu. Kitu hicho, jibereli, leo hunenepesha zabibu zisizo na mbegu. Etefoni huivisha matunda. Lakini embe lililochumwa likiwa changa hupata rangi, utamu haliupati.

Basi ndugu wakulima, tutangulize samadi na maji. Nyanya inayooza kitako mara nyingi imekosa maji ya mpango, wala si chupa. Anayetaka kujaribu dawa, na anyunyize mstari mmoja, auache wa pili, kisha alinganishe mavuno. Anyunyize asubuhi mapema au jioni, kwa kipimo kilichoandikwa. Chupa isiyosajiliwa na isiyo na maelezo yanayosomeka asiiguse. Bwana shamba aulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga ushirika wao kwa kuwa walichoshwa na mizani ya udanganyifu. Mkulima mmoja alipunjwa. Walipoungana, walipima wenyewe. Chupa isiyojulikana yaliyomo ni mizani ile ile. Hapana budi vyama vyetu vya ushirika vinunue pamoja, viulize pamoja na kupima pamoja.